Kengele ya Mwenyekiti

Jumamosi asubuhi Ardis Tollefson alikuwa akichomeka bango lake la kampeni kwenye nyasi za jirani, pale mkoba wake ulipoanza kusema. Ulisema kwa sauti ya mzee Orrin, muuza mbegu: "...ndiyo maana naomba basi la watoto lisipite kwenye lile daraja bovu." Jirani alisubiri mpaka ukamaliza, kisha akamuuliza Ardis kama atakunywa kahawa.

Mkobani mlikuwa na kengele. Ardis alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule za mji wa Vosgard, na kwenye vikao vya bodi hiyo kila mwananchi hupewa dakika tatu za kusema. Zikiisha, mwenyekiti hugonga kengele na msemaji hukaa, hata kama neno liko mdomoni. Masalia yote ya maneno yaliyokatizwa hivyo yalikuwa yanaingia kwenye kengele, na msimu huu wa uchaguzi kengele ilikuwa imeshiba.

Jumapili, kwenye kifungua kinywa cha chapati za maji katika ukumbi wa zimamoto, ilitapika masalia ya watu watano. Wapiga kura waliacha kutafuna, wakasikiliza, wakapitishiana siagi. Watu wa Vosgard wana adabu jamani, mpaka inakera. Kumkatiza mtu ni kosa, na kutaja jambo baya mezani ni kosa kubwa zaidi.

"Kampeni vipi, Ardis?"

"Si haba."

"Wewe tulia tu, dada. Kwa ule uwanja wa mpira umetutoa kimasomaso. Nani atakugusa?"

Uwanja ulikuwa na nyasi mpya za plastiki, na fedha zake zilikuwa zimetengwa kwanza kwa ajili ya boila la kupasha joto madarasa ya Shule ya Kaskazini. Delphine Rusk, mama wa mtoto mmoja pale, ndiye aliyekuja kikaoni kulisemea. "Boila linavuja moshi usioonekana," alisema. "Watoto wanasinzia darasani. Iko siku mmoja hataamka, naye atakuwa—"

Ardis akagonga.

Sasa maneno ya wengine yote yalishatoka, ila hilo la Delphine. Ardis aliliogopa kama mtu anavyoogopa simu ya alfajiri. Mjukuu wake Britta, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alisoma Shule ya Kaskazini.

Lilitoka siku moja kabla ya kura, Britta akiwa anakunywa uji.

"...Britta," ilisema kengele, kwa sauti ya Delphine.

Mtoto akainua kichwa. "Bibi, nani ananiita?"

"Kunywa uji wako, mama."

Alitoka bila koti, akaendesha gari hadi ofisi ya elimu, na kabla ya chakula cha mchana Britta alikuwa na dawati Shule ya Kusini, karibu na dirisha. Ardis alilia garini kwa furaha, akamshukuru Mungu wake, akajifuta. Kisha akaenda kusimama njia panda na bango, akipungia magari.

Alishinda vizuri sana.

Kikao cha kwanza baada ya uchaguzi, aliinua mkono akaapa, watu wakampigia makofi. Makofi yalipokwisha, kengele ikasema mezani, kwa sauti ile ile ya Delphine: "...Teddy."

Ukumbi mzima ulisikia. Teddy Rusk alikuwa kiti cha mbele, amelala begani kwa mama yake na buti za theluji miguuni. Delphine alimlaza taratibu kwenye kiti, akasimama.

"Bi. Mwenyekiti, umesikia. Wote mmesikia."

"Una dakika tatu, Delphine."

Delphine alizitumia zote. Aliomba boila lizimwe, aliomba watoto wahamishwe, mwishoni alikuwa anaomba tu, sauti ikimkauka. Watu walimsikiliza kwa makini. Hakuna aliyemkatiza. Ardis alimtazama yule mtoto, akaona anavyofanana na Britta akiwa usingizini, na akasikia aibu ikimpanda usoni kama homa.

"Mlihamishe hata darasa lake tu," alisema Delphine, "kabla haja—"

Ardis akagonga.

Delphine alimbeba mwanawe, na mtu mmoja akainuka upesi kuwafungulia mlango. Mtoto hakuamka kwa ule upepo wa baridi.

"Ajenda inayofuata," alisema Ardis. "Taa za uwanja."