Saruji Nyuma ya Meno

Damu niliiona kwanza ndani ya kile kikombe kidogo cha shaba ninachokibandika mdomoni ninapopuliza tarumbeta. Tulikuwa katikati ya harusi, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, nami nikashusha tarumbeta kumwaga mate kama kawaida. Mate yalitoka mekundu. Nikayafuta kwa leso, nikaificha leso mfukoni, nikaendelea kupuliza, lakini tangu hapo sikuusikia tena wimbo. Nilikuwa nayasikiliza meno yangu.

Mimi ndiye mpigaji wa kwanza wa tarumbeta katika bendi yetu, na kazi nyingine siijui. Mpiga ngoma aking'oka jino ataendelea na ngoma yake. Mimi meno ya mbele yakiondoka, midomo haina pa kuegemea, na sauti itatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Kwa hiyo mtu asinicheke nikisema niliogopa. Niliogopa hadi nikawa natafuna kwa upande mmoja na kuongea nimekaza taya.

Mke wangu hana subira na woga wa wanaume. Alikwisha kuona madoa kwenye mto wangu.

"Na hiyo harufu nayo," aliniambia, "tuendelee kuvisingizia vitunguu?"

"Itapita."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda ukasafishwe meno, baba watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta ninao tayari," nikamjibu. "Ndio unaoyashika."

Sikuwa natania. Nyuma ya meno yangu ya chini ya mbele kulikuwa na ugaga, ule uchafu wa meno unaoganda hadi ukawa mgumu kama jiwe. Kwenye bendi tunauita saruji. Mpigaji mgeni akija kwetu, kabla ya wimbo wowote anafundishwa kupiga mswaki: sugua pembeni, sugua juu, lakini nyuma ya yale ya chini usiguse, maana saruji ndiyo inayoyazuia yasitikisike kwa nguvu ya pumzi. Sheria hiyo ilitoka kwa mjomba wangu, aliyenifundisha kupuliza, na mjomba ushahidi alikuwa nao mdomoni. Enzi zake, watu walikuwa wakiacha chakula mezani kwenda kumsikiliza. Kisha akaenda kusafishwa meno. Wakamkwangua saruji yote, akasema, na meno ya mbele yakadondoka moja baada ya jingine. Kila alipotusimulia alikuwa akiyatoa yale ya bandia na kuyaweka kiganjani, nasi watu wazima tunafumba midomo yetu kama watoto waliokatazwa pipi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi hatukuwa tumeumwa, lakini tulishtuka vilevile.

Lakini damu haikukoma, na jino moja la chini lilianza kucheza nilipoligusa kwa ulimi. Hapo maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mke wangu akanichukulia nafasi kliniki. Mjomba aliposikia, akaja nyumbani amevaa koti lake la bendi.

"Nitakusindikiza," alisema, kwa sauti ile ya mtu anayekwenda kuaga maiti.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, hivi kwamba mmoja akitikisa goti wote mnatikisika. Goti lilikuwa langu. Nyuma ya mlango mashine ililia kwa sauti nyembamba, ikanyamaza, ikalia tena. Mimi sauti ni kazi yangu, na ile ilikuwa noti ya juu kabisa, iliyopigwa na mtu asiyejali wimbo. Mjomba alikuwa anaitazama picha ya ukutani, picha ya jino lililopasuliwa katikati, na mizizi yake yote nje.

Dada msafishaji wa meno aliniita, akanilaza kwenye kiti, akanimulika taa usoni. Alikuwa na kioo kidogo na kijiti cha chuma chenye ncha. Akapima fizi jino kwa jino, akafika pale mbele, akakawia. Nilimtazama macho tu, maana barakoa ilikuwa imeficha mengine, na macho yake hayakupendezwa na alichokiona.

"Hapa nyuma huwa hupigi mswaki kabisa?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya saruji. Hakucheka. Ningefurahi angecheka.

"Kaka, hiyo saruji ndiyo inayokula," alisema. "Imesukuma fizi chini, na mfupa unaoshika meno umeanza kuliwa. Ukiiacha, haya manne ya mbele yataondoka yote. Nikiisafisha, fizi zinaweza kupona na meno yakakaza."

"Yanaweza?"

"Hili moja linalocheza siwezi kukuahidi. Linaweza kutulia, linaweza kutoka. Sitaki kukudanganya."

Nikamwomba anipe nafasi kidogo. Nikainuka na kile kitambaa cha plastiki alichonifunga bado kikining'inia shingoni, nikatoka. Nilikuwa nimeshaamua kwenda nyumbani.

Mjomba alisimama aliponiona. "Wamekugusa?"

"Bado. Twende zetu."

Akakaa tena. Nilidhani miguu imemlegea kwa uzee, nikamshika mkono, naye akautoa mkono wake taratibu.

"Hata mimi nilifikia hapohapo," alisema. "Na hicho kitambaa shingoni."

"Kisha wakakukwangua."

"Niliwaambia naenda msalani." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nikatokea mlango wa nyuma. Hawakunigusa, mpwa wangu. Hakuna aliyenigusa. Yalilegea yenyewe, nikawa nayasubiri kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka."

"Na hadithi yote ile?"

"Ningewaambia nini watu? Kwamba mpuliza tarumbeta mzima, koti na vifungo vya dhahabu, amemkimbia binti mwenye kioo?"

Nilitaka kumtukana. Adabu ikanizuia, na hofu pia, kwa sababu papo hapo nilielewa kwamba kila asubuhi ya maisha yangu nilikuwa nimepiga mswaki nikiulinda ugonjwa. Na kila mtu kwenye bendi alikuwa akiulinda wa kwake. Nilirudi ndani. Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nimeuona mwisho wa ule mlango wa nyuma: ni mjomba, amekaa pale kwenye kiti cha plastiki.

Sindano ya ganzi iliuma, kisha mdomo ukawa si wangu. Mashine ikaanza. Haikuuma, ilitetemesha, na mtetemo ulipanda hadi masikioni. Maji baridi, mrija wa kunyonya mate, mkwaruzo wa chuma juu ya jiwe. Kipande kikaanguka kwenye sahani kwa mlio mdogo. Kikafuata kingine. Kila mlio niliuhesabu kuwa ni jino. Nilishika mikono ya kiti hadi vidole vikafa ganzi navyo.

"Yapo yote," dada alisema mwishowe. "Pumua."

Ulimi wangu ulipopata uhai ukakuta mianya mipya katikati ya meno, nafasi ambamo upepo ulipita. Nikaona nimevuliwa nguo mbele za watu. Aliniagiza nisipulize hadi fizi zifunge, akanifundisha kusugua palepale nilipokatazwa maisha yote, na uzi wa kupitisha katikati ya meno, na kurudi kwake kila atakaponiita. Nilitii kila neno. Asubuhi na jioni nilisimama mbele ya kioo na ule mswaki nikiogopa kwamba safari hii lile jino linalocheza litabaki kwenye nywele za mswaki.

Siku ya kwanza ya mazoezi bendi yote ilikuwepo. Nilikwisha kuwaambia yaliyonipata, ila ya mjomba nilimwachia mwenyewe. Walinizunguka wamefumba midomo. Mjomba alikuwa kwenye benchi la nyuma.

Nikabandika tarumbeta mdomoni. Jino lilikuwa bado linacheza kidogo, hilo nililijua, na nilijua pia kwamba pumzi yangu ndiyo ingeliamua. Nikapuliza noti moja, ya chini, ndefu. Ilianza na mkwaruzo, ikayumba, ikasimama. Niliishikilia hadi kifua kikaniwaka.

Kisha nikashusha tarumbeta, nikakichomoa kile kikombe cha shaba, nikakiinamisha juu ya leso nyeupe.

"Kuna damu?" mjomba aliuliza kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaitazama leso. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaitazama tena.

"Mate tu, mjomba."

Mjomba aliinuka, akajifunika mdomo kwa kiganja, akatoka nje.