Dakika Arobaini na Tano za Meno na Viatu

Mzee wangu alipofariki, zahanati ilikuwa ikitafuta watu mia mbili waliofiwa na wenza wao, wawafanyie utafiti. Nilijiandikisha kwa sababu moja: nilitaka mtu wa kuongea naye habari zake. Wanangu wako mbali, na nikimtaja baba yao kwenye simu wanabadilisha mazungumzo haraka, wakiogopa nisije nikalia.

Tuligawanywa kwa kura katika vyumba viwili, mimi nikaangukia cha pili. Kila Jumanne binti mtafiti alinisogezea kiti, jua la dirishani lisinipige, akanimiminia maji, akafungua kitabu cha afya. Tulisoma habari za meno, viatu, usafi wa mikono. Nikimtaja mzee wangu, aliinamisha macho.

"Turudi kwenye meno, bibi."

Nilimwambia yangu yamebaki manne, hayawezi kutosha dakika arobaini na tano. Alicheka sana, lakini kwenye meno hatukutoka.

Wiki ya tano, fundi viatu mmoja, mjane mwenzangu aliyepangiwa chumba cha kwanza, alitoka macho mekundu, uso umemtulia. Akanieleza kwamba humo ndani wanamzungumzia marehemu mkewe, na leo amefundishwa namna ya kufungua kabati la nguo zake bila kukimbia. Nikaingia chumba changu, nikamuuliza binti waziwazi kwa nini sisi ni meno na viatu tu.

Hakunificha. Wanataka kujua kinachomsaidia mtu ni yale mafunzo, au ni kule kukaa tu na anayemjali. Kwa hiyo vyumba vyote dakika ni zile zile, upole ule ule. Changu tu hakigusi msiba. Utafiti ukiisha, baada ya miezi minne, nasi tutafundishwa.

Sijui aliona nini usoni mwangu, maana alifunga kitabu, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Bibi, niambie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikawafikiria wale wenzangu mia mbili, ambao utafiti wao ungeharibika, na huyu mtoto atakavyolazimika kuandika uongo kwa ajili yangu, kwamba tumesoma kitabu tu.

"Fungua kitabu, mjukuu wangu. Tulifika kwenye viatu."

Akasoma mpaka dakika zikaisha. Mwishoni nikajaza karatasi ya maswali ya kila wiki. Swali la mwisho liliuliza nimezungumza na watu wangapi kuhusu marehemu wangu. Nikaandika sifuri, nikamrudishia kalamu.