Shemeji na Mipira ya Oili

Mama mmoja aliyekuwa na gari la kubeba wanafunzi, akiliendesha mwenyewe, hakuwa mtu wa kudhania watu vibaya. Lakini shemeji yake alipomwambia, "Wewe kaa nyumbani, dukani nitakwenda mwenyewe," machale yakamcheza.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa fundi wa magari, na mtaani walimwita Spana. Ndiye aliyeing'oa injini iliyochoka na kutia nyingine, ya gari la aina tofauti. Injini mpya ilinguruma vizuri, ila filta ya oili ilibanana na vyuma vya usukani, hata mkono haukupita. Kuibadilisha kungekuwa kufungua nusu ya gari. Spana akashauri filta ihamishwe, ifungwe pembeni penye nafasi, oili iwe inaifikia kwa mpira mmoja na kurudi kwenye injini kwa mwingine. Wazo zuri. Lakini kwa nini mwenye gari asiwepo mipira ikinunuliwa?

Tena Spana alikuwa amebadilika. Ukimwonyesha kitu, anatazama pembeni. Ukimpa boksi la spea asome, anasema, "Weka hapo, nitaangalia." Gari akishalitengeneza halijaribu tena barabarani, anakurushia funguo, eti jua linamuumiza kichwa. Na huyu ndiye mtu aliyezoea kukukazia macho mpaka unainamisha uso mwenyewe!

Mama alimdokezea mumewe. Mume akacheka.

"Kaka yangu huyo. Akuibie wewe, apeleke wapi?"

"Sijasema anaiba," alijibu. Moyoni alikuwa ameshalisema.

Basi asubuhi ile Spana alipotoka na filta ndani ya mfuko, alimkuta shemeji yake keshavaa viatu, kasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Unakokwenda wewe."

Spana akaubana mfuko kwapani, akatangulia.

Duka lilikuwa jembamba kama korido. Mipira imening'inia ukutani kama nyoka waliokaushwa, na fitingi, vile viungo vya chuma vya kufungia mipira, zimejaa kwenye makopo ya rangi yaliyokatwa juu. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye penseli sikioni, alimpokea Spana kwa shangwe.

"Fundi wangu! Mipira ile ya kawaida?"

"Ya kawaida," Spana akajibu.

Mama alisikia masikio yakimsimama. Ya kawaida ipi? Muuzaji akashusha mpira mweusi, akamkabidhi fundi bila hata kumtupia macho mwenye gari. Spana akaubinya, akaunusa, akapitisha kidole gumba kwenye tundu.

"Safi. Kata vipande viwili."

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Nami niuone."

Akauchukua. Ubavuni ulikuwa na maandishi meupe, madogo lakini yanasomeka bila taabu: mpira wa maji ya rejeta. Damu ikamchemka. Hata yeye asiye fundi alijua oili ya moto ingeulainisha mpira wa maji kutoka ndani mpaka upasuke, injini ikauke barabarani, na watoto wa watu wamejaa nyuma.

"Shemeji, hebu soma hapa."

Muuzaji akadakia, "Aa, mama, wote wanachukua huo huo, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

"Sikukuuliza wewe. Nimemwambia shemeji yangu asome."

Spana akaushika mpira, akauinua usoni, akakunja uso kama mtu anayepima jambo. "Naam," akasema. "Nimeona. Wa oili, kama nilivyotaka."

Alikuwa ameushika juu chini. Maandishi yalikuwa yamesimama kwa kichwa.

Mama alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Maneno makali yalikuwa yameshamfika kwenye ulimi, akayameza. Akamvuta nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Tangu lini huoni?"

"Naona. Vya mbali naviona kidogo." Akaegemea ukuta. "Vya karibu ni ukungu. Usimwambie mdogo wangu, nakuomba. Wala mke wangu hajui."

"Na huyu mnene anajua?"

Spana akageukia mlango wa duka. "Nadhani ameshajua," akasema.

Walirudi ndani. Safari hii fundi aliuliza na mama akasoma. Ukashushwa mpira wa oili wenye wavu wa chuma ndani yake. Mama akasoma kiwango cha joto na presha, Spana akakubali. Tundu lisiwe jembamba kuliko la injini, akaonya, oili isije ikakabwa njiani. Kwenye fitingi vidole vyake havikuhitaji msaada: kila nati aliizungusha kwa mkono mpaka mwisho, na iliyokwama kidogo tu aliirudisha koponi, maana mikato yake ya ndani hailingani na ya fitingi. Akachagua fitingi zilizopinda kama kiwiko, mpira usikunjwe kwa nguvu wala kupita karibu na ekzosi. Muuzaji hakuwa na shangwe tena.

Nyumbani mama ndiye aliyesoma mishale kwenye kikalio, kile chuma kinachoshika filta, upi ni wa kuingia na upi wa kutoka. Walipowasha injini, taa ya oili iliwaka kidogo, ikazimika. Mama akapitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo kuona kama kinavuja. Ikatoka kavu.

Spana akatabasamu. Mama hakutabasamu.

"Na breki ulizonifungia juzi juzi," akauliza, "ulizifunga kwa macho gani?"

"Kwa vidole."

"Basi tutoe magurudumu."

Gurudumu la mbele kushoto lilipotoka, aliona kabla hajainama: mpira wa breki ulikuwa umepita vibaya, ukisuguliwa na tairi kila kona, umelika mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Akamshika shemeji yake mkono, akamwekea kidole pale.

Spana alipapasa mara moja tu, akaketi chini kwenye vumbi la oili.

"Kesho nipeleke kwa daktari wa macho," akasema. "Mdogo wangu nitamwambia mwenyewe."

"Kesho utakwenda. Leo niambie, ni magari ya nani mengine umeyafunga breki?"

Akaanza kuyataja, taratibu, uso umemwelekea ukutani. La muuza mkaa. La mwalimu mkuu. La mkunga, lile linalotoka alfajiri.

Mama akajifuta mikono, akachukua simu.

"Tuanze na la mkunga," akasema.