Abate Aliyekataa Uaskofu

Mtu akitaka sifa, hata utakatifu ataugombea. Januarius, mkulima wa pamba wa Nkoma, aling'ang'ania tangu mwezi wa tano kuigiza maisha ya mtakatifu somo wa kigango chao, abate, yaani mkuu wa wamonaki, wa Uingereza ya zamani aliyechaguliwa kuwa askofu, kwa sababu moja tu: mama mkwe wake, Shida, angekuja kwenye sikukuu ya somo huyo kutoka Mwamapalala. Tangu Januarius amwoe Apolonia, mama huyo humwita "yule kijana", na kijana mwenyewe ana mvi. Alitaka apate heshima mbele yake, walau siku moja.

Mchezo ulianza vizuri. Abate alilima na wamonaki wake, akamkemea mfalme hadi akina mama wakapiga vigelegele. Kisha shemeji yake Luhaga, aliyeigiza mmonaki msaidizi wa abate, akaleta kofia ya kiaskofu ambayo Apolonia aliishona kwa boksi la biskuti na kitambaa cheupe.

"Baba Abate, tumekuchagua uwe askofu."

"Sistahili," Januarius akajibu, kichwa chini. Ndivyo Padri Marcelo alivyomfundisha: mtakatifu alikataa, wamonaki wakamlazimisha.

Lakini shemeji ni shemeji, na utani haujui kanisa. Luhaga akawageukia wenzake.

"Jamani, mmemsikia mwenyewe, hataki. Basi tumchague Josia."

Josia, mmonaki wa jikoni, akaanza kujipangusa mikono. Watu wakashangilia. Padri Marcelo akapunga mikono kama anayefukuza kuku, wapi!

"Sistahili hata kidogo!" Januarius akarudia, akimkonyeza Luhaga.

"Tumekuelewa, shemeji. Pumzika."

Kofia ikapita mbele ya pua yake ikielekea kwa Josia. Hapo unyenyekevu wote ukamtoka. Akaidaka kwa mikono miwili.

"Nautaka! Uaskofu nautaka! Nimeutaka tangu mwezi wa tano!"

Kigango kizima kikaangua kicheko. Januarius akabaki ameikumbatia kofia, aibu imemjaa, akijua kwamba kuanzia leo hata kuitwa "yule kijana" kutakuwa cheo.

Mama Shida akainuka. Kicheko kikakoma. Kwa desturi mkwe hatazamwi usoni, lakini yeye alimkazia Januarius macho.

"Luhaga, acha ujinga. Mvishe mkwe wangu," akasema. "Miaka yote nikimkaribisha ni hapana mayu, asante mayu, nimeshiba mama. Nikadhani mwanangu ameolewa na kinyago. Kumbe ana kitu anakitaka!"

Luhaga akamvisha. Kofia ilikaa upande, na Januarius akawabariki watu huku analia, jambo ambalo Padri Marcelo hakumfundisha.