Mkono wa Upande wa Pili

Fundi seremala alikuwa na wivu tangu siku za uchumba, ila zamani ulikuwa wivu wa kawaida, wa kununa kidogo na kupoa kabla chakula hakijaiva. Mradi wa hewa ukaa ndio uliompandishia wivu kichwani.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni ya mbali iliwalipa wanakijiji ili msitu wao ubaki umesimama, kwa kuwa miti hufyonza hewa chafu ya viwanda vya watu wengine na kuihifadhi ndani ya shina. Kila mwaka miti ilipimwa unene. Ikinenepa, malipo yanaingia, zahanati inapata dawa. Mke wa Fundi aliomba kazi ya upimaji, akaipata, akapewa buti na kofia. Fundi alicheka alipomwona navyo. Kicheko hakikudumu.

Siku moja aliwapelekea wapimaji vigingi alivyowachongea. Akamkuta mkewe kwenye mti mmoja mnene, yeye upande huu, mtaalamu kutoka mjini upande ule, mashavu yamegusa gome, mikono imeuzunguka mti. Mti mnene haupimwi na mtu mmoja. Mmoja hupitisha utepe kwa nyuma na mwenzake huupokea. Hilo Fundi alielezwa baadaye, tena zaidi ya mara moja, na halikumwingia akilini. Alichokiona yeye ni mkono wa mwanamume mwingine ukipapasa gome mpaka ukavikuta vidole vya mkewe, na mkewe akicheka.

Kijiji kilimwita mtaalamu yule Bwana Miti. Shati lake lilikuwa limenyooshwa hata huko porini, na Fundi alilichukia shati hilo kuliko mwenyewe aliyelivaa. Mteja mmoja alipita karakanani akamchokoza, "Fundi, nasikia shemeji siku hizi anakumbatia miti." Fundi aliharibu mguu wa meza mchana ule, akailaumu randa.

Jioni mkewe alikuwa anamenya viazi, amechangamka.

"Bwana Miti kasema nina jicho kali," alisema. "Mkaguzi akipitisha vipimo vyetu, mimi ndiye nitakuwa msimamizi wa wapimaji. Nitazunguka vijiji vyote vya mradi."

"Na yeye atazunguka na nani?"

"Na sisi, mume wangu. Si ndiyo kazi yake?"

"Kazi ya kushikana mikono na wake za watu."

"Tunashika utepe."

"Acha hiyo kazi."

Mkewe aliweka kisu chini. "Yote niliyowahi kuacha kwa ajili yako sijawahi kukusimanga nayo. Hili usiniombe."

Alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliomkata Fundi maini. Angegombezwa angejua pa kujibia. Alikula viazi vyake, kila tonge akiliona lile shati.

Siku ya mkutano wa kijiji, jua likiwa la utosi, alichukua msumeno akaenda moja kwa moja kwenye ule mti. Msitu mzima ulikuwa mbele yake na yeye alitaka ule tu. Mti mmoja, alijiambia, nani atauona? Ulipoanguka alisimama anahema, akajisikia kama amempiga mtu ngumi. Kisha akarudi zake. Mbao zote zile, seremala mzima, akaziacha chini.

Kulikuwa na jambo mkewe alilowahi kumweleza mezani, yeye akiwa hasikilizi. Msitu haupimwi wote. Hupimwa viwanja vichache, na kila mti wa humo huhesabiwa kwa niaba ya wenzake wengi. Kuuangusha ule mmoja, kwenye hesabu za mradi, ni sawa na kufyeka mlima mzima.

Mkaguzi alikuja, mama mpole asiyefanya masihara na kazi. Kijiji kizima kilizunguka kisiki.

"Mwizi gani wa mbao anaacha mbao?" aliuliza.

Mlinzi wa msitu alikuwa ameshasema kwamba aliyefanya hivi leo analala rumande. Mke wa Fundi aliinama akakigusa kisiki kwa kiganja, akainua uso, akamtafuta mumewe nyuma ya watu. Alipompata hakumtazama sana.

"Nilimruhusu mume wangu akate mti wa mbao," alisema. "Nikamwonyesha vibaya, nikidhani uko nje ya kiwanja. Kosa ni langu, mama."

Bwana Miti alikuwa anamtazama yule mwanamke kwa huruma, na hata hapo, akiokolewa mbele ya macho yake mwenyewe, wivu ulimpanda Fundi.

Mradi ulipunguziwa malipo, haukufa. Mke wa Fundi alirudisha buti na kofia. Usimamizi alipewa mwingine, na Bwana Miti akahamishiwa mbali.

Fundi alikuwa amepata alichokitaka. Mke alikuwepo nyumbani asubuhi, alikuwepo jioni. Fundi alimtengenezea kabati jipya bila kuombwa, akashukuriwa. Akimsemesha anajibu, pakitokea la kuchekesha anacheka. Ila mara kwa mara mkewe aliacha nguo imekunjwa nusu, akabaki anatazama mbali, na Fundi akawa anamvizia kwa jicho la pembeni mpaka akachoka.

"Unamuwaza," alimwambia siku moja.

"Nani?"

"Unamjua."

Mkewe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Yule bwana? Hata sura yake imeshanitoka." Akaichukua nguo nyingine akaikung'uta. "Naiwaza kazi yangu."

Angekuwa ni Bwana Miti, Fundi angemfuata huko huko aliko, wakazipiga, yakaisha. Kwa hili hakujua aanzie wapi.