Swami wa Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumba ya kaka Bhargavan na nyumba ya kaka Sahadevan zimepakana, na katikati yao kuna ukuta unaonifika kifuani. Nilipofiwa na mume nilirudi kwenye nyumba ya wazazi, nyuma yao wote wawili, na nikikaa barazani kwangu naona nyua zote mbili bila kuinuka kwenye kiti. Nimeona mengi. Kitu kimoja nilichokuwa sijakiona, tangu baba yetu alipofariki mimi nikiwa bado msichana, ni kaka zangu hao kusemezana.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua, wala sioni haya kulisema. Niliwauliza wake zao, nikawauliza wazee wa hekaluni, nikamuuliza hata kinyozi. Kila mtu alikuwa na lake: ng'ombe, mnazi, mpaka wa shamba. Nikiwauliza wenyewe, Bhargavan husema, "Muulize yeye," na Sahadevan hutazama juu na kusema mvua inakuja, hata kama ni kiangazi. Wakiwa na neno hunituma mimi. "Mwambie huyo mtu nazi zake zitanitoboa paa." Basi nazunguka ukuta namwambia huyo mtu. Nilichoka. Na niliogopa, nasema kweli, kwamba mmoja atatangulia kufa na mwenzake atasimama nyuma ya ukuta akitazama moshi wa maiti yake ikichomwa, nami nitabaki sijui hata ilikuwa kwa nini.

Kwa hiyo nilipovuka hamsini, umri ambao mwanamke anaruhusiwa kupanda mlimani kwa mungu wetu Ayyappan, nilijua nitakwenda kuomba nini. Wengine huomba watoto au afya. Mimi niliomba jibu.

Nilimwendea Bhargavan. "Kaka, utaniacha nipande msitu ule peke yangu, na moyo wangu huu uliopasuliwa?" Akakubali. Nikazunguka ukuta nikamwambia Sahadevan maneno yaleyale, naye akakubali. Sikumwambia yeyote habari za mwenzake. Kunjappan, fundi baiskeli ambaye huongoza msafara wetu kila mwaka, nilimwambia, akacheka mpaka akaangusha spana.

Ukishavaa mkufu wa hija, wa shanga za tulasi, jina lako unaliacha nyumbani. Kila mwanamume anaitwa Swami, awe hakimu au mwizi wa kuku, na kila mwanamke anaitwa Malikapuram. Hakuna samaki, hakuna kunyoa, unalala sakafuni, unaoga maji ya baridi kabla ya alfajiri. Kukasirika pia hakuna, kwa sababu aliye mbele yako naye ni Swami, na hilo ndilo jina tunalomwitia mungu mwenyewe. Wiki zote za mfungo kaka zangu walipishana barabarani na nguo nyeusi na ndevu zilizosimama, kila mmoja akidhani mwenzake amejiunga na msafara mwingine.

Wakaja kukutana hekaluni siku ya kufunga mizigo. Bhargavan alikuwa ameshika nazi na mimi namimina samli ya sadaka ndani yake. Sahadevan akaingia na kusimama mlangoni.

"Vilasini," akasema taratibu, "umefanya nini?"

"Malikapuram," Kunjappan akamsahihisha. "Vilasini yuko nyumbani anafagia. Ingia, Swami, umeziba mlango na moshi unatuumiza macho. Mkufu uko shingoni. Anayetaka kuuvua auvue hapa, mbele ya mungu, na amweleze sababu."

Hakuna aliyeuvua. Tukatwikwa mizigo kichwani, tukapanda basi.

Msituni niliwekwa nyuma, kwa agizo la Kunjappan, ili nitembee kwa kipimo cha moyo wangu. Kaka zangu walitangulia hatua chache mbele yangu, mmoja kushoto na mmoja kulia, kwa sababu wote wawili walikuwa wameahidi kunilinda na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake kazi hiyo. Nikisimama, wanasimama. Nikikohoa, wote wawili wanageuka, wanaonana, wanageukia mbele haraka. Katikati yao kulikuwa na nafasi ya kupita tembo.

Ikaendelea hivyo mpaka mto Azhutha. Kila mtu lazima azame humo na atoke na jiwe la kwenda kulitupa juu kilimani. Bhargavan aliinama kuchukua lake, mguu ukateleza, na mzigo wa kichwani ukaanza kwenda. Mikono ya Sahadevan ikafika kabla ya mikono ya mtu mwingine yeyote. Mmoja ukashika mzigo, wa pili ukashika kiuno.

"Pole, Swami," Sahadevan akasema. "Hapo panateleza."

Bhargavan alisimama ndani ya maji akimtazama. Hajibu, nikawaza, kaka yangu huyu ana kichwa cha nyumbu. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama wa mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo akagundua mlango haujafungwa.

"Asante, Swami," akasema. "Swami unatokea wapi?"

Nilijiziba mdomo kwa ncha ya sari. Sahadevan alipepesa macho.

"Natokea kule pwani, Swami, karibu na Cherthala. Na wewe Swami?"

"Pwani hukohuko."

"Ahaa! Basi sisi ni majirani."

"Inaelekea," Bhargavan akasema kwa adabu zote. "Mbona sijapata kukuona?"

Kunjappan aliniangalia mimi, nikamwangalia yeye. Tukaanza kupanda.

Kilima kile hakina huruma. Mizizi imejitokeza njiani, miti imefunga juu, na ruba wanakupanda miguuni bila hata kukusalimia. Moyo wangu ulikuwa unagonga, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa, nami nikajikaza nisiachwe nyuma.

"Malikapuram," Kunjappan akaninong'oneza, "masikio yako yameitangulia miguu."

"Niache, Swami. Nasali."

Mbele yangu Bhargavan alikuwa anauliza, "Swami una ndugu?"

"Ninaye mmoja, Swami. Mkubwa wangu. Na dada, wa mwisho."

"Una bahati. Mimi pia ninaye mmoja, mdogo. Heri ningekuwa sina." Akashusha pumzi. "Nilikuwa Maskati, Swami, nabeba nondo kwenye jua lisilo na haya. Baba akaugua. Kwetu ni mimi mkubwa, mimi ndiye wa kuuwasha moto wa maiti yake. Yule mdogo wangu hakuniita. Hakutuma simu, hakutuma hata mtu. Nilipopata habari majivu yalikwisha kutupwa baharini. Alimchoma baba yangu bila mimi, Swami, kana kwamba sikuzaliwa. Nikaapa kwa jina langu sitasema naye tena."

Kumbe! Si ng'ombe, si mnazi. Mimi siku zile nilikuwa hospitali ya mjini nikingoja kupasuliwa, na baba alipokufa niliambiwa kwa maneno mawili tu ili nisishtuke.

Tulifika mahali pa kutupa mawe, watu wote wakatupa, wakaimba, wakapita. Sahadevan jiwe lake alilishika. Alilishika akishuka bonde, akalishika tulipokunywa maji ya tangawizi kwenye kibanda, na alikuwa nalo bado tulipoanza kuupanda Karimala, mlima ambao unawatoa machozi hata vijana. Mara mbili nilitaka kumvuta shati nimwambie sema, mwanamume, sema. Nilijizuia. Sijawahi kujizuia namna ile maishani mwangu.

"Swami," akasema hatimaye, bila kugeuza shingo. "Ukimwapia mtu anayekufa, unaweza kuvunja?"

"Huwezi."

"Hata mimi najua huwezi." Akapanda hatua kadhaa. "Baba yangu mimi alipokuwa anakufa, dada yetu alikuwa anangoja kupasuliwa moyo. Gharama zote zilikuwa zinatoka kwa kaka, ng'ambo. Mwajiri wake alikuwa amesema anayeondoka kabla ya mkataba kwisha asirudi. Nilisimama nivae viatu niende kumpigia kaka simu. Baba akanishika mkono. Akasema, mimi nimekwisha, yule binti ndiyo kwanza anaanza. Ukimwita kaka yako atakuja, namjua, na msichana atakufa. Washa wewe. Na uniapie kwamba kaka yako hatasikia jambo hili kinywani mwako, wala dada yako, asije akaishi akijiona ndiye aliyemnyang'anya kaka yake moto wa baba."

"Ukaapa?"

"Nikaapa. Lakini baba hakusema lolote kuhusu Swami wa njiani."

Nilikaa chini. Pale pale, juu ya mzizi, na mzigo kichwani. Nilikuwa nimelitafuta jibu kote, kumbe nilikuwa nimelivaa mwenyewe kifuani, kovu refu ninalolipaka mafuta kila asubuhi. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Nilimlilia baba, kisha nikawalilia wale wawili, mmoja aliyebeba chuki isiyo yake na mwingine aliyebeba kimya kisicho chake, ili mimi nipike na kufagia na kuuliza maswali.

Bhargavan alikuwa amesimama akinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini.

"Na huyo dada yako, Swami," akauliza. "Alipona?"

"Alipona, Swami. Alipona mno. Ndiye huyo nyuma anatusikiliza."

Bhargavan alicheka, au alilia, sijui ni kipi. Sahadevan akalitupa jiwe lake msituni, mahali pasipostahili kabisa, na Kunjappan akajifanya hakuona. Tukaendelea. Nafasi ile ya tembo haikuwepo tena.

Tulipanda ngazi, tukamwona mungu, samli yetu ikamiminwa. Niseme nini zaidi? Nilimshukuru kwa jibu, kisha nikamwomba jambo jingine, maana sasa nilikuwa na hofu mpya. Mkufu huvuliwa nyumbani. Ukivuliwa, Swami anaondoka na jina linarudi. Na Bhargavan aliapa kwa jina lake, na kaka yangu huyo hajawahi kuvunja kiapo hata cha mchezo.

Tulirudi. Sahadevan alipasua nazi kizingitini, mimi nikamvua mkufu kwa niaba ya mama, akanyolewa. Upande wa pili wa ukuta Bhargavan akasema, "Mimi bado."

Kesho yake nilikuwa kitini kabla jua halijachomoza. Bhargavan akatoka, ndevu zake zilezile, akaegemea ukuta.

"Swami sharanam," akaita kwa salamu ya mahujaji. "Swami hapo jirani, umeamkaje?"

Sahadevan, kidevu chake cheupe kwa kunyolewa, akaja ukutani mbio. "Salama, Swami!"

Wakaongea habari za mnazi ule wa kutoboa paa. Wakaongea mpaka chai ikapoa.

Ikawa hivyo kila siku. Msimu wa mahujaji ukaisha, nguo nyeusi zikatoweka mitaani, Bhargavan akabaki nazo. Alilala sakafuni. Alioga kwenye giza na kikohozi kikamwingia. Samaki, ambaye alikuwa akimla kutwa mara tatu, hakumgusa. Mkewe Thankamani akanijia amejishika kiuno.

"Wifi, mimi niliolewa na fundi nondo. Huyu mtawa mmeniletea wa nini?"

Nikaenda kumuuliza. "Kaka, mbona huvui?"

"Nikivua nitakuwa Bhargavan," akasema. "Bhargavan ameapa hatasema na mtu yule."

"Na Swami?"

"Swami hajamwapia mtu." Akakohoa, akatazama upande wa ukuta. "Kwa hiyo Swami atakaa."

Jioni ile nilizunguka ukuta, kama zamani nilipokuwa tarishi, nikamwambia Sahadevan maneno hayo, na kikohozi pia nikamwambia. Alitazama juu, lakini safari hii hakutaja mvua.

Mvua yenyewe ilipokuja, sadini walijaa pwani, na kila nyumba ikanuka mafuta. Mchana mmoja ilikatika kidogo. Bhargavan alikuwa ukutani anangoja maongezi yake. Sahadevan akatoka jikoni na sahani, sadini wa kukaanga, wekundu kwa pilipili, moshi unapanda. Akaiweka juu ya ukuta, kati yao.

"Swami," Bhargavan akasema kwa mshangao, "hiki chakula mimi si..."

"Sisemi na Swami," Sahadevan akamkatiza. "Wewe hutasema na mimi, sawa, umeapa. Usiseme. Mimi ndiye nitakayesema kwa wote wawili, na wewe ule. Kaka, vua huo mkufu. Samaki wanapoa."

Kaka. Neno hilo halikuwa limevuka ukuta ule tangu ulipojengwa.

Bhargavan alitazama sahani. Kisha akageukia baraza langu, ambako nilikuwa nimekwisha kusimama na mikunjo ya sari imenitatiza miguuni.

"Vilasini," akaniita. Mama hayupo, kwa hiyo kazi ni yangu. Akainamisha shingo. Nikalifungua lile fundo, na mkufu ukaniangukia kiganjani ukiwa na joto lake.

Alichukua samaki mmoja, akala na mifupa. Akamtafuna kwa muda mrefu, macho yanamtoka machozi, na sisi wawili tukangoja kuona kiapo kimefikia wapi.

"Vilasini," akasema, bila kuniangalia, akimtazama mdogo wake usoni. "Mwambie mtu huyu pilipili imezidi."

"Nimesikia, kaka," Sahadevan akajibu, na akampa wa pili.