Vitabu Visivyotoka Mlangoni

Nilipiga kura ya ndiyo. Nalieleza hilo mapema ili msomaji asinidhanie wema. Kamati ya Maktaba ya Mawe Mawili, hapa Igogo, ilikubali kwamba kumbukumbu zitakapohamishiwa kwenye kompyuta, kila kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka kumi kiondolewe na kupelekwa kusagwa. Mimi ni mkufunzi mstaafu wa ualimu; nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba watu husifu vitabu kuliko wanavyovisoma.

Kevin, fundi aliyeletwa kufunga mfumo, aliingiza kadi zote za kuazimia, kisha akachapa orodha ya vitabu vya kuondoka. Rafu nzima ya Ziwa ilikuwamo: vitabu mia mbili na kumi na viwili kuhusu uvuvi, pamba, na koo za Wasukuma na Wakerewe.

Mkutubi wetu, Evelina Mashimba, aliisoma akiwa amesimama.

"Hivi vinasomwa kila siku."

"Mama, kadi zake ni tupu."

"Ni tupu kwa sababu kuazima kunataka mdhamini na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nani atafuata barua kwa ajili ya kurasa nne? Watu wanasomea mezani, wanaondoka."

"Mfumo hauoni meza, mama."

"Basi utaoneshwa. Unakuja kuviondoa lini?"

"Ijumaa."

Jumatatu asubuhi Evelina aliwakataza wahudumu kurudisha vitabu vya rafu ile. Kitakachosomwa kingebaki mezani, pale pale kilipoachwa. Nilimweleza wazi kwamba namshuku: angeweza kuvitandaza mwenyewe jioni. Hakukasirika. Alinikabidhi ufunguo wa ukumbi, akanitaka niwe wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

Hivyo nilikaa siku nne kwenye kiti kigumu. Jengo letu lilikuwa ghala la pamba la ushirika kabla ya kuwa maktaba, na viti vyake, yaelekea, havikuarifiwa juu ya mabadiliko hayo.

Alikuja Ajwang, muuza nyavu, akafungua ripoti ya zamani ya uvuvi na kunakili vipimo vya kina cha maji kwenye kiganja.

"Huna daftari?" nilimuuliza.

"Daftari hupotea, mwalimu. Mkono narudi nao nyumbani."

Alikuja muuguzi wa Sengerema, akiwa amebakiwa na saa mbili kabla ya kivuko kuondoka, kutafuta mitishamba ambayo wagonjwa humtajia kwa Kisukuma. Wanachuo wa Butimba walikuja makundi kwa makundi. Kufikia Jumatano meza zilikuwa zimejaa, na watu walisoma wamesimama.

"Mama, hapa ni maktaba au mnada?" mzee mmoja alilalamika.

"Soma tu, baba. Ijumaa utakaa."

Mchana huo nilichomoa kwenye rafu ile jalada la historia ya maktaba yetu, kazi yangu ya miaka sita, nikaliweka ukingoni mwa meza. Evelina alikuwa nyuma yangu.

"Mwalimu, umelisoma au umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Basi lirudishe."

Nililirudisha, na hakuna aliyeligusa tena mpaka lilipoingia kwenye boksi.

Ijumaa Kevin alihesabu mezani vitabu mia moja thelathini na tisa. Alinitazama; nikathibitisha.

"Lakini kanuni inasema kuazimwa, mwalimu."

"Kanuni ni ya kamati," nilimjibu, "na kamati ina simu."

Niliwapigia wajumbe mmoja mmoja, nikawaeleza nilichokiona. Wanne kati ya sita waliridhia kwamba kusomwa mezani kuhesabiwe. Mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Evelina hakushangilia. Alivipakia mwenyewe vile sabini na vitatu vilivyobaki rafuni, bila kuomba hata kimoja kisamehewe. Kisha akaiendea mashine ya kusajili vitabu vinavyoazimwa, ambayo Kevin alikuwa ameifunga kando ya mlango.

"Hii iletwe katikati, kwenye meza."

"Waya haufiki, mama."

"Kanunue mrefu."

"Leo?"

"Wasomaji wanaingia saa nane."

Kevin alichukua kofia yake, akatoka.